Dijitali Huanzia kwenye Antena

Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya televisheni ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, ikitangulia Dar es Salaam, gumzo la mitaani lilikuwa ving'amuzi. Kilichomo ndani ya king'amuzi hakikuzungumzwa sana. Hewani hakuna tarakimu. Wimbi linalofika kwenye antena, liwe la televisheni, la simu au la setilaiti, ni umeme hafifu unaopanda na kushuka mfululizo. Lazima pawepo chipu ya kuupima mamilioni ya mara kwa sekunde na kukiandika kila kipimo kwa tarakimu. Kipimo kikiharibika hapo, hakuna kompyuta ya kukirekebisha mbele ya safari. Kazi hii inastahili nafasi kubwa zaidi katika mafunzo ya uhandisi Afrika Mashariki.

Kanuni yake inajulikana tangu kazi za Harry Nyquist na Claude Shannon: idadi ya vipimo kwa sekunde izidi mara mbili ya upana wa bendi inayopokelewa. Wengi huishika kama mara mbili ya masafa ya juu kabisa, na hapo ndipo umeme na fedha huanza kupotea bure.

Chukua bendi ya FM, megahezi 88 hadi 108. Kwa hesabu hiyo ya mazoea, itatafutwa chipu inayopima zaidi ya mara milioni 216 kwa sekunde, ilhali bendi nzima ina upana wa megahezi 20 tu. Chujio zuri likitangulia, vipimo milioni 43.5 kwa sekunde vinatosha kunasa stesheni zote. Upimaji huukunja wigo wa masafa kama khanga, pindo juu ya pindo, na kwa kasi hiyo kila pindo lina megahezi 21.75. FM inalala nzima ndani ya pindo la 5, kati ya megahezi 87 na 108.75. Mhandisi akichagua milioni 42, kasi ambayo nayo inazidi mara mbili ya upana, mkunjo unapita kwenye megahezi 105, na stesheni ya 104 inaangukia juu ya ile ya 106. Hazitenganishiki tena. Chujio nalo likivuja, mawasiliano ya marubani, ambayo yako jirani kabisa na FM, yatapenya katikati ya muziki.

Si kwamba njia hii haina gharama. Chipu inapima kwa mwendo wa pole lakini wimbi lenyewe bado linakimbia, kwa hiyo saa inayoiongoza haitakiwi kuyumba hata kidogo.

Afrika ina mfano mkubwa wa hesabu hiyo hiyo. Darubini ya redio ya MeerKAT, iliyozinduliwa mwaka 2018 katika nyika ya Karoo, Afrika Kusini, ina madishi 64. Katika bendi yake ya megahezi 856 hadi 1712, kila dishi hupima mara milioni 1712 kwa sekunde, na bendi yote inakaa ndani ya pindo la 2. Wimbi halishushwi kwanza kwenye masafa ya chini. Linageuzwa tarakimu pale pale kwenye antena, kisha linasafirishwa kwa nyaya za faiba zilizofukiwa ardhini. Kila kipimo kina biti 10, na wimbi hupokelewa katika mielekeo miwili, hivyo dishi moja hutoa takribani gigabiti 34 kwa sekunde.

Kwa nini biti 10? Sauti ya nyota ni mchakacho hafifu, na wanaounganisha darubini za mabara mbalimbali hutumia biti 2 tu kwa kipimo. Lakini ndani ya bendi hiyo ya MeerKAT zimo pia ishara za simu, za kuongozea ndege na za setilaiti za GPS, ambazo zina nguvu kuliko nyota kwa mbali sana. Biti za ziada zipo ili kelele hizo zisiizidi chipu nguvu. Kuongeza biti pasipo sababu kama hiyo ni kununua joto, kwani kila moja huongeza umeme unaotumika na shehena ya data.

Kenya ni miongoni mwa nchi washirika wa Afrika katika mradi wa SKA, mrithi wa MeerKAT. Mafunzo ya ushirika huo yasiishie kwenye kutazama picha za anga. Kipokezi kidogo cha USB chenye chipu ya RTL2832U, kilichobuniwa kwa ajili ya televisheni, hupima kwa biti 8 na kuonyesha takribani megahezi 2.4 kwa wakati mmoja. Kwa kuanzia kinafaa. Baada ya hapo mwanafunzi apewe chipu tupu, achague mwenyewe kasi ya kupima, atengeneze chujio la FM kwa mikono yake, kisha ahesabu ni stesheni ngapi za mji wake zimelaliana.