Data za ramani za Kilombero ziwe mali ya halmashauri

Mipaka ya Bonde la Kilombero imepandana. Mwaka 2002 tambarare inayofurika maji ya mto ilitambuliwa kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, ukubwa wake ukikaribia kilomita za mraba 8,000. Katika bonde hilo hilo mna vijiji, malisho, mashamba ya miwa na mpunga, pamoja na vipande vya ardhi vilivyopimwa chini ya Programu ya Kuwezesha Umilikishaji wa Ardhi katika wilaya za Kilombero, Ulanga na Malinyi. Hata mipaka ya utawala imebadilika: Malinyi imemegwa kutoka Ulanga, na Ifakara imepata halmashauri yake ya mji. Mahali kama hapa, ramani huaminika pale tu inapochota mistari yake kwenye chanzo kinachotunzwa. Kwa hiyo muunganisho kati ya ramani na chanzo hicho unapaswa kuwa mali ya halmashauri na kudumu hata baada ya mradi uliouanzisha kufungwa.

Wananchi wengi hawajui, na si kosa lao, kwamba faili la ramani kwenye programu kama QGIS au ArcGIS Pro kwa kawaida halibebi mipaka yenyewe. Hubeba rangi, maandishi na anwani ya mahali data zilipo. Anwani hiyo ikiwa ni folda ya kompyuta ya ofisa mmoja, akihamishwa kituo ramani inabaki tupu. Katika QGIS, muunganisho wa hifadhidata hukaa kwenye wasifu wa mtumiaji wa kompyuta ile. Katika ArcGIS Pro, folda uliyoiunganisha kwenye kazi moja haionekani kwenye kazi nyingine mpaka uiunganishe upya au uiweke kwenye orodha ya vipendwa. Dawa ipo ndani ya programu zenyewe: QGIS inaweza kutoa miunganisho kama faili la kumkabidhi ofisa mwingine, na vipendwa vya ArcGIS Pro vinaweza kuwekwa viingie vyenyewe katika kila kazi mpya. Tusipoitumia, kila mtu atanakili mipaka kwenye flashi yake, na nakala hupoteza kumbukumbu. Ramani za zamani za Tanzania zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, wakati vipimo vya GPS hutumia WGS 84. Nakala iliyopoteza maelezo ya mfumo wake ikisomwa kwa mfumo mwingine, mstari husogea takriban mita 300. Pembezoni mwa hifadhi, mita 300 zinatosha kumgeuza mkulima halali kuwa mvamizi.

Ifakara yenyewe imekwisha kuonyesha faida ya kutunza chanzo kimoja. Tangu mwaka 1996, watafiti wa kituo ambacho leo ni Taasisi ya Afya Ifakara wamefuatilia kaya za Kilombero na Ulanga: nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahama. Daftari hilo lilianzishwa ili kupima matokeo ya mradi wa vyandarua vyenye dawa. Mradi uliisha, daftari likaendelea, na tafiti nyingine zikajengwa juu yake. Kama kila utafiti ungeanza upya kuorodhesha kaya, tungekuwa na orodha nyingi zisizosomana.

Wapo watakaosema umeme na intaneti ya bondeni haviaminiki. Ni kweli, lakini chanzo kimoja hakilazimiki kukaa Dodoma wala Dar es Salaam. Seva ndogo ndani ya ofisi, kwenye mtandao wa ndani, inatosha, na anayekwenda vijijini achukue nakala yenye tarehe kisha aioanishe akirudi. Hoja ya usiri ni nzito zaidi. Data za ardhi zina majina ya watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu pia maofisa ardhi. Muunganisho unaodumu usibebe nywila iliyo wazi. Kila ofisa awe na yake, na wengi wao wapewe ruhusa ya kusoma tu. Wengine wanahofia kwamba kosa moja kwenye chanzo litaenea kwenye ramani zote. Litaenea, na ndiyo maana litaonekana mapema na kurekebishwa mara moja, tofauti na kosa lililojificha katika flashi ya mtu. Nakubali jambo moja bila ubishi: ramani iliyopitishwa na mkutano mkuu wa kijiji isibadilike kimyakimya kwa sababu chanzo kimebadilika. Hiyo ihifadhiwe kama ilivyopitishwa, na tarehe yake.

Nawaomba wakurugenzi wa halmashauri za bonde hili wasisaini makabidhiano ya mradi wowote wa upimaji kabla data zake hazijaingia kwenye seva ya halmashauri, faili la miunganisho halijakabidhiwa, na ofisa wa halmashauri hajafungua ramani hizo kwenye kompyuta ya ofisi akaziona zimekamilika.