UFUPI WA MTUTU

Hapa Mbozi Mission vijana huzisifu bunduki fupi waonazo kwenye filamu. Wanasifu kasoro. Mtutu ndio unaoipa risasi mwendo. AK-74 ya Warusi ina mtutu wa milimita 415, na risasi yake hutoka kwa mita 900 hivi kwa sekunde. AKS-74U walikata mtutu karibu nusu. Mwendo ukashuka hadi 735. Baruti isiyomalizika kuungua mtutuni hulipukia nje: moto machoni, mshindo masikioni. Dereva wa kifaru anayebanwa na nafasi ana sababu ya kuibeba. Askari alindaye watu sokoni Tunduma ana sababu gani? Nimeona kozi za ualimu zikifupishwa hivyohivyo. Kelele ziliongezeka, shabaha ikapungua.