Chai, msitu na mito ya Kericho: Vipimo vyasema nini?

KILA kiangazi kinaporefuka katika nyanda za chai za Kericho na Bomet, kesi ya zamani husikizwa upya na mshtakiwa ni yule yule. Vijito hupungua, foleni za madumu hurefuka kwenye chemchemi, nao wenyeji huyanyoshea kidole majani chai: yalipandwa palipokuwa msitu, basi ndiyo yanayokunywa mto. Wenye mashamba makubwa huwalaumu wakulima wadogo waliolima hadi ukingoni mwa maji. Mkaratusi hulaaniwa na pande zote mbili.

Linalosahaulika ni kwamba shtaka hilo lilikwisha kufikishwa mbele ya vipimo, huko huko Kericho, zaidi ya miaka 60 iliyopita.

Katika miaka ya 1950, mpango wa kufyeka sehemu ya msitu wa Mau Kusini Magharibi ili kupanua mashamba ya chai ulizua hofu kwamba mito ingekauka. Shirika la Utafiti wa Kilimo na Misitu la Afrika Mashariki, lililokuwa na makao yake Muguga, lilikabidhiwa swali hilo. Watafiti wakiongozwa na Charles Pereira walichagua mabonde mawili ya vijito yanayopakana. Bonde la Lagan liliachwa na msitu wake. Katika bonde la Sambret, sehemu ya msitu ilifyekwa na kupandwa chai. Kuanzia 1958 mvua ikapimwa, vijito vikapitishwa kwenye vizuizi vyenye kipimo, na unyevu wa udongo ukafuatiliwa mwaka baada ya mwaka.

Hesabu yenyewe ni ya muuza duka. Chukua mvua yote iliyoingia bondeni, toa maji yaliyotoka kwa kijito, kisha toa yaliyoongezeka ardhini. Kinachobaki ndicho kilichorudi hewani kupitia majani ya mimea na joto la jua.

Matokeo, yaliyoanza kuchapishwa 1962 na kutolewa kwa ukamilifu 1979, hayakuifurahisha kambi yoyote kikamilifu. Chai iliyokomaa ilitumia maji karibu sawa na msitu, au pungufu kidogo. Kijito cha Sambret hakikukauka.

Tangu wakati huo matokeo hayo yamenukuliwa mara nyingi kana kwamba yanaruhusu msitu wowote kufyekwa. Hayasemi hivyo. Sambret ilifyekwa kwa uangalifu ambao si kila mtu anaumudu: mitaro ya kukinga maji ilichimbwa na ardhi ikalindwa dhidi ya mmomonyoko tangu mwanzo. Tena udongo mwekundu wa Kericho, uliotokana na miamba ya volkeno, una kina kirefu na hunywa mvua upesi. Mvua ya nyanda hizo hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa yake huzama badala ya kutiririka juu. Ghala la mto, kwa hiyo, liko chini ya miguu ya mchuma chai, na hilo ndilo linalolisha kijito Januari na Februari wakati mawingu yamekwenda.

Utafiti pacha uliofanywa na shirika hilo hilo Mbeya, Tanzania, ulikuwa na jibu la kushangaza zaidi. Bonde lililolimwa na wakulima wadogo lilitoa maji mengi kuliko bonde la msitu, hata wakati wa kiangazi. Mti hunywa maji mwaka mzima, ilhali shamba lililovunwa halinywi. Lakini udongo wa pale ni wa majivu ya volkeno, na uliendelea kupokea mvua hata baada ya kulimwa. Udongo ukikanyagwa na mifugo na kugandamizwa na njia za miguu, faida hiyo hupotea: mvua huteremka kwa kasi, huchukua rutuba, na ghala la chini hubaki bila kujazwa.

Hapo ndipo uzito wa jambo ulipo leo. Watafiti waliorudi Mau Kusini Magharibi katika muongo wa 2010 walilinganisha vijito vya msituni, vya mashamba makubwa ya chai na miti, na vya wakulima wadogo. Kijito cha wakulima wadogo kilibeba udongo takriban mara sita ya ule wa kijito cha msituni kwa kila kilomita mraba. Aidha, kwa kuchunguza isotopu za maji, walikadiria kwamba maji ya vijito hivyo yalikuwa yamekaa ardhini, kwa wastani, takriban miaka minne. Anayemwaga mbolea kupita kiasi leo anachafua maji ambayo huenda mtoto wake atayateka akiwa shule ya msingi.

Kuhusu mkaratusi, wahukumu wana hoja, ila hukumu yao ni pana mno. Mwaka 2009 aliyekuwa waziri wa mazingira, John Michuki, aliamuru uondolewe kando ya mito na kwenye maeneo oevu. Mahali penyewe ndipo penye kosa: mti unaokua haraka, ukiwa na mizizi ndani ya maji, hunywa bila kungoja mvua. Mlimani, mbali na chemchemi, suala ni tofauti, na viwanda vya chai bado vinahitaji kuni za kukaushia majani.

Mito hii haiishii kwa wenyeji wake. Kipsonoi na Itare hulisha mto Sondu, unaozungusha mitambo ya umeme ya Sondu-Miriu kabla ya kuingia Ziwa Victoria. Nyangores hupita mjini Bomet na kukutana na Amala kuunda Mara, mto wa Serengeti. Bwawa la Itare, lililokusudiwa kupeleka maji Nakuru, lilipingwa vikali na viongozi na wakazi wa Kericho, Bomet na maeneo ya chini kabla ya ujenzi kukwama 2018, mkandarasi Mwitaliano alipofilisika. Hasira zilikuwa nyingi mikutanoni. Takwimu za mtiririko wa kiangazi hazikusikika sana.

Si ajabu. Vituo vingi vya kupimia mito nchini, vilivyoachwa na kizazi cha Pereira, vimeharibika au havisomwi mfululizo. Sheria ya Maji ya 2016 inaipa Mamlaka ya Rasilimali za Maji jukumu la kutoa vibali vya kuchota maji mitoni na kuchimba visima, na kibali ni mgawo wa kitu ambacho kwanza hakina budi kuhesabiwa. Kwa Itare, kinachohitajika kabla ya jiwe jingine kuwekwa ni rula iliyosimamishwa mtoni, mtu wa kuisoma asubuhi na jioni, na miaka kadhaa ya daftari lisilo na kurasa tupu za Februari.