Bastola ya kujifunzia shabaha: kabla ya kuuliza bei

Tangu Mturuki Yusuf Dikeç apigwe picha katika Olimpiki ya Paris, Julai 2024, mkono mmoja mfukoni na miwani yake ya kawaida usoni, mchezo wa kulenga shabaha umepata mashabiki hata katika mabaraza yetu ya kahawa. Mtu wa miaka 51, bila mbwembwe, aliondoka na medali ya fedha pamoja na mwenzake Şevval İlayda Tarhan. Vijana wetu waliicheka picha ile, wakaisambaza, kisha baadhi yao wakaanza kuuliza jambo la maana: mtu anayetaka kujifunza mchezo huu aanze na bastola gani, tena ya bei nafuu?

Swali ni la halali. Lakini hapa Pwani lina uzito wake. Kijana wa Marekani akiuliza hivyo dukani ataonyeshwa kabati. Kijana wa Kisauni au Majengo akiuliza mbele ya mtu asiyemjua, huenda akaanza kuulizwa yeye anaswali msikiti gani. Ndiyo maana wengi huliuliza kwa kunong'ona, na jambo linalonong'onwa aghalabu hupata majibu mabovu. Bora tulizungumze wazi.

Nitangulize ninachokiamini. Kwa anayeanza, bastola nafuu kuliko zote ni ile ambayo haimiliki yeye bali inamilikiwa na klabu. Na shida yetu Kenya ni kwamba mlango tuliouzoea wa kuingilia mchezo huu ni kumiliki silaha kwanza, tena silaha ya kujilinda. Tumeanza na mwisho.

Kwa nini risasi ndogo

Tuanze na chombo chenyewe. Wakufunzi wengi duniani humwanzishia mgeni risasi ya .22, yenye kipenyo cha milimita 5.6. Si risasi mpya. Ilitoka Marekani mwaka 1887 na hadi leo ndiyo inayofyatuliwa zaidi viwanjani. Sababu ni mbili. Kwanza, ni rahisi kununua kuliko risasi ya milimita 9, na mchezo huu hujifunzwa kwa kurudia mamia ya mara. Pili, haina teke. Nguvu yake ikitoka kwenye bastola ni takriban robo ya ile ya milimita 9.

Jambo la teke watu hulidharau. Anayeanza na bastola kubwa mwili wake hujifunza kuogopa mshindo. Anafumba macho na kukaza mkono kabla hata risasi haijatoka, na mtutu unainama. Akikosa shabaha anadhani tatizo ni macho. Kumbe ni woga uliokwisha kuingia mkononi, na kuutoa huchukua muda mrefu kuliko kuuzuia.

Marekani, ambako soko liko wazi, anayetaka bastola nafuu ya mazoezi huonyeshwa aina mbili. Ya kwanza ni rivolva kama Ruger Wrangler, iliyoingia sokoni mwaka 2019 kwa bei iliyotangazwa isiyofika dola 300. Ile unavuta nyundo kwa kidole gumba kabla ya kila risasi, jambo linalomlazimisha mwanafunzi kutulia. Ya pili ni bastola za magazini zilizotengenezwa kwa ajili ya shabaha, kama Ruger Mark IV, Browning Buck Mark au Smith & Wesson SW22 Victory. Bei yake ni ya juu kidogo, lakini zina mtutu mrefu na uzito wa kutosha. Mtutu mrefu huweka kilengeo cha mbele mbali na cha nyuma, na kosa dogo la mkono huonekana mapema. Uzito nao hutuliza mtikisiko.

Hapo ndipo wengi hukosea wanapofuata bei au umbo. Vile vibastola vifupi vya kuingia mfukoni vinapendeza kwa kuwa ni vidogo, lakini ni vigumu kuliko vyote kulenga navyo. Vimetengenezwa vibebwe kwa siri, na hiyo si kazi ya mwanafunzi.

Tena isisemwe kwamba .22 ni ya kuchezea. Risasi yake inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja ikikosa kizuizi, na inaua. Masikio yanahitaji kinga na macho yanahitaji miwani. Mikono nayo ioshwe vizuri kabla ya kula, kwa kuwa risasi ina madini ya risasi yenye sumu, na hicho si kitu cha kumpelekea mtoto nyumbani kwenye vidole.

Sheria haianzi na bei

Hayo ni ya Marekani. Hapa kwetu mtu haanzi kwa kuuliza bei, anaanza kwa kuuliza ruhusa. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haimpi Mkenya haki ya kumiliki bunduki; inampa nafasi ya kuomba. Bodi ya Leseni za Silaha hutazama kama mwombaji ana sababu nzuri, kama ni mtu wa akili timamu asiye mlevi, na kama akipewa silaha usalama wa umma hautahatarishwa. Cheti hutaja silaha yenyewe na idadi ya risasi. Anayeshikwa na silaha bila cheti anakabiliwa na kifungo cha miaka mingi, na mbele ya hakimu kusema ilikuwa ya mazoezi hakutamsaidia.

Serikali nayo haijalegeza kamba. Desemba 2018 aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, Fred Matiang'i, aliamuru wote wenye leseni wachunguzwe upya ndani ya siku 90. Hofu ile ilikuwa na msingi. Mwaka huohuo, shirika la utafiti la Small Arms Survey lilikadiria kwamba silaha zilizo mikononi mwa raia Kenya ni takriban 750,000, idadi inayozidi kwa mbali zile zilizosajiliwa. Nchi yenye silaha nyingi gizani haiwezi kulaumiwa kwa kuzibana zilizo mwangani.

Lakini tazama matokeo yake kwa mchezo. Anayepewa leseni ni yule mwenye sababu inayoeleweka, na sababu inayoeleweka kwa wepesi ni mali: biashara, shamba, cheo. Huyo hupewa bastola ya kujilinda. Akishaipata, hutafuta uwanja wa kuifanyia mazoezi. Hata mashindano ya bastola yanayosikika zaidi nchini, ya mtindo wa IDPA kule Kirigiti, Kiambu, ni ya bastola za kujilinda. Silaimu, watu wazima wenye silaha ni bora wafanye mazoezi kuliko wasifanye. Ila huo ni mchezo unaoanza baada ya silaha kununuliwa. Binti wa fomu tatu wa Kwale mwenye jicho kali na mkono uliotulia hana pa kuingilia.

Na ile medali ya Dikeç haikupatikana kwa silaha ya namna hiyo. Katika Olimpiki hakuna shindano hata moja la bastola ya milimita 9. Bastola za huko ni mbili tu: ya .22 kwa mita 25, na ya upepo kwa mita 10.

Bastola ya upepo

Hii ya upepo ndiyo jibu ambalo halitajwi barazani. Hurusha kidonge cha milimita 4.5 kwa nguvu ya hewa iliyobanwa, haina baruti wala mshindo mkubwa. Umbali ni mita 10, kwa hivyo ukumbi wa shule unatosha ukiwekwa kizuizi imara nyuma ya shabaha na mlango mmoja wenye msimamizi. Duara la alama kumi lina upana wa milimita 11.5, dogo kuliko sarafu ya shilingi. Mwenye kulipiga mara kwa mara kwa mkono mmoja uliojinyoosha hana la kuonewa na mwenye bastola kubwa.

Wenzetu wameutumia mlango huu. Manu Bhaker, msichana kutoka jimbo la Haryana, India, alitoka Paris na medali mbili za shaba, zote za bastola ya upepo ya mita 10. Oman, ambako wengi wetu tuna shangazi na wajomba, ilimpeleka Wadha Al-Balushi katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016 kwa mchezo huohuo; ukoo wa Al-Balushi si mgeni Mombasa. Uingereza ina funzo jingine. Baada ya mauaji ya watoto 16 na mwalimu wao katika shule ya Dunblane mwaka 1996, bastola zilipigwa marufuku, hata zile za .22. Wachezaji wao wa mita 25 wakalazimika kufanya mazoezi nchi za nje, lakini bastola ya upepo iliendelea. Nchi inaweza kuwa kali sana kwa silaha na bado ikabakisha mahali pa mchezo.

Tahadhari: mtu asikimbilie kuiagiza mtandaoni kama anavyoagiza viatu. Kitu chenye mtutu kikifika bandarini au posta bila kibali kitamletea balaa, na akionekana nacho barabarani askari hatasubiri kupima kipenyo. Kwanza aulize Bodi kwa maandishi, au aulize kupitia klabu inayotambulika.

Dini yetu haikunyamaza

Wako watakaosema shabaha si mambo yetu. Wanasahau kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alihimiza kurusha mishale. Katika Sahihi Muslim amepokewa akiifasiri nguvu iliyotajwa katika Suratul Anfal, aya ya 60, kuwa ni huko kulenga. Wako na wengine wanaoichukua hadithi hiyo peke yake kuwapandisha vijana mori, wakaziacha nyingine. Ni yeye aliyekataza kumwelekezea ndugu yako silaha, hata kwa mzaha. Aliamuru mwenye mishale akipita msikitini au sokoni azishike ncha zake asimjeruhi mtu. Na alikataza kukifanya kiumbe hai kuwa shabaha.

Ukizisoma pamoja utaona ndizo kanuni zinazobandikwa ukutani katika kila uwanja wa shabaha: ihesabu kila bastola kuwa imejaa, usiuelekeze mtutu kwa mtu, kidole nje ya triga mpaka uwe tayari, ujue kilicho nyuma ya shabaha. Mzee anayeogopa mwanawe atapotoshwa na mchezo huu ana haki ya kuogopa. Lakini kijana aliyefundishwa kanuni hizi chini ya msimamizi, jina lake likiwa daftarini na mlango ukiwa wazi, ni mgumu kudanganywa kuliko yule aliyejifunza kuhusu bunduki kwenye video za simu usiku.

Kipi kifanyike

Mambo matatu yako ndani ya uwezo wetu. Kwanza, klabu ndiyo imiliki silaha, si mwanafunzi. Bastola tano za upepo kwenye sefu moja, chini ya mkufunzi anayejulikana na polisi wa eneo hilo, zinaweza kufundisha watoto mia kwa zamu. Hakuna anayekwenda nazo nyumbani, na hakuna mke anayelala akihesabu risasi kabatini. Anayefuzu ndiye apandishwe kwenye .22, akiwa bado mikononi mwa klabu.

Pili, Bodi itenge wazi njia ya mwanamichezo na njia ya anayejilinda. Masharti ya mwanamichezo yawe makali ipasavyo, lakini yasipimwe kwa mali yake. Tukielekea uchaguzi wa Agosti 2027, kila ombi la silaha litatazamwa kwa jicho la wasiwasi, na ni haki. Ndiyo sababu kubwa zaidi ya kutenganisha njia hizi mapema, ili mchezo usije ukawa kichaka cha wenye nia nyingine, wala wasiwasi usije ukamziba njia mwanamichezo wa kweli.

Tatu, idara za michezo za kaunti zetu za Pwani zijibu swali jepesi. Tunazo kumbi za shule na za jamii ambazo hulala tupu baada ya saa kumi. Mita kumi tu zinahitajika. Je, kuna kaunti hata moja iliyokaa na Bodi na polisi ikauliza masharti ya kufungua uwanja wa bastola ya upepo kwa wanafunzi?

Kwa kijana aliyeuliza ni bastola gani anunue, jibu ni hili: usinunue. Tafuta klabu, uliza kama ina ya upepo au ya .22, jifunze kusimama, kupumua na kuvuta triga bila kushtuka. Ukikaa mwaka na bado unaipenda, utakuwa umejua mwenyewe unachohitaji, na Bodi itakuwa na la kusoma katika faili lako zaidi ya jina na mtaa unaotoka. Na ukikosa klabu karibu nawe, basi swali lako si la duka tena. Mpelekee mwakilishi wa wadi yako, kwa maandishi, na umwombe jibu kwa maandishi.