KUJAZA GESI SI KUTENGENEZA GARI



Huku kwetu Kisegi, na kote tunakopita kwenda Homa Bay na Migori, vani kuukuu ya abiria yenye AC ina kisa chake. Joto likizidi abiria hulalamika, dereva humwambia mwenye gari, na mwenye gari humwambia fundi neno moja: "Jaza gesi." Baada ya majuma machache hewa ni ya moto tena. Ndipo fundi huitwa mwizi na dereva hukatwa mshahara. Nasema jambo hili si haki, na yafaa chama chetu kilikomeshe.

Kwanza tuelewane. Gesi ya AC hailiki kama petroli. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, toka kompresa hadi kondensa iliyo mbele ya rejeta, kisha hadi kipoza kilicho ndani, na kurudi tena. Mipira yaweza kupoteza kidogo kwa miaka, lakini gesi ikiisha kwa majuma machache, pana tundu. Anayejaza bila kulitafuta anachota maji kwa pakacha.

Mahali pa kutafuta panajulikana. Kondensa hupigwa na mawe ya barabarani. Vani zenye kipoza cha nyuma huwa na mabomba marefu yapitayo chini ya sakafu, na matope huyala. Pete za mpira kwenye viungo hukauka. Sili ya kompresa huchakaa. Vali za kujazia hupoteza vifuniko. Gesi hutoka pamoja na mafuta, basi pakiwa na mafuta yaliyoshika vumbi, hapo ndipo mwizi alipoacha nyayo.

Lakini macho pekee hayatoshi. Fundi hujaza naitrojeni kavu, hupaka povu la sabuni kwenye viungo, na kutazama geji kama inashuka. Asitumie kamwe oksijeni ya kulehemu, kwani ikikutana na mafuta yaweza kulipuka. Akishaziba, abadilishe pete, avute hewa na unyevu kwa pampu kwa nusu saa au zaidi, kisha ajaze gesi kwa kuipima kwenye mizani, kadiri ya kibandiko cha gari. Hiyo ni kazi ya saa nyingi. Bwana anayetaka kulipia dakika kumi asitarajie kazi ya siku.

Tena kuna hatari. Gesi iitwayo R134a huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Ikirukia jicho au mkono, huunguza kwa baridi. Ikikutana na moto wa kulehemu, hutoa moshi wa sumu. Nayo ikiachiwa angani, kilo moja huleta joto la dunia kuliko kilo 1,000 za hewa ya ukaa, ndiyo sababu mataifa yalikubaliana mjini Kigali mwaka 2016 kuipunguza. Kwa hiyo kujaza gesi kila mwezi ni hasara ya mwenye gari na ya watu wote.

Sheria haiko kimya. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata mshahara kwa hasara ambayo mfanyakazi ameileta kwa makusudi. Bomba lililoliwa na kutu kwa miaka si makusudi ya dereva.

Basi nashauri chama chetu kidai mambo matatu. Mosi, fundi alipwe kwa kutafuta tundu, hata kabla ya kuliziba. Pili, karakana iwe na miwani, glavu, naitrojeni, pampu na mizani. Tatu, dereva aandike siku aliyotoa habari ya ubovu, nayo karatasi hiyo iwe ngao yake siku ya mshahara.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mabwana wenye magari na wakumbuke kwamba ukuta huo haujengwi kwa mshahara wa dereva.

Umoja ni nguvu.