Bibi Rita Moreno na Riziki Isiyouza Heshima

Katika safu yetu ya juma hili tunapenda kuwasimulia maisha ya Bibi Rita Moreno, mchezaji sinema wa Marekani mwenye asili ya Puerto Rico. Wengi humsifu kwa uhodari wake wa kucheza dansi na kwa wingi wa tuzo zake. Sisi leo tungependa kutazama jambo jingine: namna mtu anavyoweza kutafuta riziki miongoni mwa wageni bila ya kuuza heshima ya watu wake, na gharama anayolipa akikataa kuiuza.

Bibi Moreno alizaliwa tarehe 11 Desemba 1931 katika mji wa Humacao, akapewa jina la Rosa Dolores Alverío. Kisiwa cha Puerto Rico kilitwaliwa na Marekani kutoka kwa Hispania mwaka 1898, na wenyeji wake wakafanywa raia wa Marekani mwaka 1917. Walakini uraia huo haukuwaondolea umaskini, na wengi walivuka bahari kwenda New York kutafuta kazi. Miongoni mwao alikuwa mama yake Rosa, mshonaji wa nguo. Mwaka 1936 alimchukua binti yake, akamwacha nyuma mtoto wake mdogo wa kiume. Bibi Moreno amesimulia kwamba hakumwona tena ndugu yake huyo. Familia za askari, zilizozoea uhamisho na kuagana, zitauelewa uzito wa jambo hilo.

Huko New York mtoto huyo alikuta baridi kali, lugha asiyoijua na matusi ya watoto wa mitaani. Faraja yake ilikuwa dansi, aliyofundishwa na mwalimu Paco Cansino. Alipofika umri wa miaka 13, mwaka 1945, alipanda jukwaa la Broadway kwa mara ya kwanza. Hakumaliza shule, kwa kuwa nyumbani palihitaji fedha. Baadaye mkuu wa kampuni ya MGM, Louis B. Mayer, alimwona na kumwajiri. Ndipo jina la Rosa likageuzwa kuwa Rita, na Moreno likatokana na baba yake wa kambo.

Hollywood ilimpa kazi, lakini ilimpa kazi ya namna moja tu. Leo alikuwa msichana wa Wahindi Wekundu, kesho msichana wa visiwa vya Pasifiki. Mwaka 1956, katika filamu ya The King and I, alikuwa Tuptim, msichana wa Kiburma katika jumba la mfalme wa Siam. Machoni pa wenye studio, kila asiyekuwa Mzungu alikuwa kitu kimoja: alipakwa rangi ya kahawia, akaamriwa kusema Kiingereza kilichovunjika. Naye alitii, maana alihitaji mshahara. Lakini amesema wazi kwamba moyoni aliona aibu.

Mwaka 1961 ilitoka West Side Story, filamu ya vijana wa magenge wa New York. Bibi Moreno alicheza kama Anita, mwanamke wa Puerto Rico mwenye fahari na ulimi mkali. Hata hapo wachezaji wote waliokuwa upande wa Puerto Rico walipakwa rangi ya aina moja. Alipomweleza mpakaji kwamba watu wa kwao wana rangi nyingi, weupe na weusi, yule bwana alimwuliza kama yeye ni mbaguzi! Kulikuwa na jambo zito zaidi. Katika wimbo mmoja, jinsi ulivyoimbwa jukwaani, Anita alikitukana kisiwa chake kuwa kibaya na chenye maradhi. Bibi Moreno alijiona hawezi kuyatamka maneno hayo, akawa tayari kuiacha nafasi aliyoitamani maisha yake yote. Kwa bahati njema, maneno yalibadilishwa kwa ajili ya filamu.

Mwezi Aprili 1962 alipata tuzo ya Oscar, akawa mwanamke wa kwanza mwenye asili ya Amerika ya Kilatini kuipata kwa uchezaji. Gauni alilovaa usiku ule lilishonwa Manila kwa kitambaa cha Kijapani. Akalitunza, akalivaa tena katika sherehe hiyohiyo mwaka 2018.

Mtu angedhani milango yote ilifunguka. La hasha! Alichopewa ni wanawake wa magenge, katika hadithi zilizo duni kuliko ile ya kwanza. Safari hii alikataa. Kazi nzuri za sinema zikawa adimu, naye akaenda kutumika jukwaani London na New York. Tarehe 28 Agosti 1963 alikuwepo Washington katika maandamano makubwa ya kudai haki za watu weusi.

Subira ilivuta heri. Tangu mwaka 1971 hadi 1977 alikuwa katika The Electric Company, kipindi cha televisheni cha kuwafundisha watoto kusoma. Santuri ya kipindi hicho ikamletea tuzo ya Grammy ya mwaka 1972. Mwaka 1975 alipata Tony kwa mchezo wa The Ritz, ambamo aliwacheka walewale waliomlazimisha kuvunja Kiingereza. Na mwaka 1977 akapata Emmy. Ni watu wachache mno waliozipata tuzo zote nne.

Nyumbani nako palikuwa na somo. Mwaka 1965 aliolewa na daktari Leonard Gordon, wakapata binti mmoja, wakaishi pamoja hadi mume alipofariki mwaka 2010. Amesimulia kwamba mumewe alimjali sana, lakini aliamua karibu kila jambo, naye akanyamaza miaka mingi kwa ajili ya amani ya nyumba. Aliyeweza kuzikatalia studio hakuweza kusema neno mezani pake. Wenye nyumba na walitafakari hilo, waume kwa wake.

Mwaka 2021 filamu ya West Side Story ilitengenezwa upya na Steven Spielberg, na Bibi Moreno, akikaribia miaka 90, alicheza ndani yake na kuwa miongoni mwa wasimamizi. Mwaka uliofuata Ariana DeBose, mwenye asili ya Puerto Rico kwa baba, alipata Oscar kwa nafasi ileile ya Anita, akamshukuru aliyemtangulia.

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Vijana wetu waendao mbali kutafuta kazi wafunzwe kuvumilia jasho, baridi na mshahara mdogo. Bali wakiambiwa wawadharau waliowazaa ili wapate kula, wajue kwamba hiyo si kazi tena, na kwamba kukataa kunaweza kuwagharimu miaka mingi.