Saa ya Moyo Hudanganya

Jioni moja mama aliingia mbio katika zahanati yangu Kawangware, kambeba mwanawe aliyekuwa ameshikwa na degedege. "Daktari, ametetemeka nusu saa!" alilia. Jirani aliyemsindikiza alitoa simu yake. Alikuwa amemwita mtu wa bodaboda saa mbili na dakika kumi, mara tu mtoto alipoanza kukakamaa. Saa mbili na dakika kumi na nne alimpigia tena kumwambia mtoto ametulia lakini aje vivyo hivyo. Dakika nne tu!

Je, mama alidanganya? La. Saa ya moyo wake ndiyo iliyomdanganya.

Wapigaji shabaha wanaijua saa hiyo. Kirigiti, Kaunti ya Kiambu, kulifanyika mashindano ya bastola ya IDPA mwaka 2022. Katika mchezo huo, mshindani aliyekaza akili kwenye shabaha anaweza kuhisi ana muda tele, na mwenye wasiwasi akahisi amechelewa kumbe yuko mbele. Kwa hivyo hakuna anayejipimia muda kwa hisia. Kuna kijisaa kinacholia ili aanze, kisha kinanasa mlio wa kila risasi na kuonyesha sekunde zilizopita.

Mwaka 2007, mtafiti David Eagleman na wenzake huko Marekani waliwaangusha watu waliojitolea kutoka urefu wa mita 31 hadi kwenye wavu. Kwa wastani, walikadiria kuwa anguko lao lilichukua muda mrefu kuliko la wenzao, kwa zaidi ya thuluthi moja. Hata hivyo, macho yao hayakuweza kusoma tarakimu zinazobadilika upesi kuliko kawaida. Wakati haukupunguza mwendo. Watafiti walieleza kwamba hofu huifanya akili ihifadhi mambo mengi zaidi, na tukikumbuka baadaye tunadhani muda ulikuwa mrefu.

Jambo hili lakuhusu nini wewe wa Kibera au Kawangware? Lakuhusu sana. Degedege inayopita dakika tano ni hatari, na daktari huanza matibabu kwa kutegemea muda utakaomwambia. Kwa hivyo mtoto akishikwa, kwanza tazama saa. Mlaze ubavu, ondoa vitu vinavyoweza kumuumiza, legeza nguo shingoni, wala usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Mwambie mtu atafute usafiri papo hapo, kwani vichochoroni mwetu gari haliingii. Hata akitulia, mlete aonwe.

Vivyo hivyo mtoto mwenye kikohozi na homa: hesabu pumzi zake kwa dakika nzima ya saa, akiwa ametulia. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 na zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni dalili ya kumkimbiza hospitali.

Maoni yangu ni kwamba sisi madaktari tuache kuwakemea wazazi kwa kutaja muda usio sahihi. Tuwafundishe kutazama saa kabla hofu haijawashika. Anza leo: onyesha kila mtu mzima nyumbani mwako mahali saa ilipo kwenye simu.